Sikio la Kushoto

Shule ile ilikuwa na desturi yake ya kuandikisha watoto wa chekechea, maana wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akigusa sikio la kushoto, umri umetosha.

Nafasi ilibaki moja. Nyuma ya Mwalimu Perpetua aliketi mjukuu wake Doreen, akingoja.

"Kichwa wima, mwanangu," mwalimu alimwambia Nyamizi, binti wa muuza maandazi. Alimshika kidevu, akakiinua. Vidole vya mtoto vikakosa kulifikia sikio kwa kidogo tu.

"Mwakani, mama," akamwambia muuza maandazi.

"Mikono ya ukoo wa baba yake hiyo," mama mtu alisema akicheka. "Hata kujikuna mgongo ni shida. Haya, mwalimu, atakaa tena nami kwenye karai la mafuta, ingawa juzi lilimuunguza. Asante."

Wakaondoka. Mwalimu akamwita Doreen. Vidole vyake navyo havikufika, basi bibi akamwinamisha kichwa taratibu, na sikio likashikwa. Akaliandika jina.

Alipoinua macho, Nyamizi alikuwa amesimama langoni, akiwatazama. Mtoto akainamisha kichwa vilevile, akapitisha mkono, akalishika sikio lake. Akatabasamu. Mama yake, ambaye hakuona kitu, akamvuta waende.

Mwalimu Perpetua aliinua mkono kuwaita, kisha akauacha hewani. Nyamizi akadhani anaagwa, naye akampungia.