Mashine Isiyozimwa

Nusu ya fundi ilikuwa ndani ya kabati la gemu, nusu nje, na mashine yenyewe inawaka. Sivyo kazi hii inavyofanywa. Fundi mwenye akili timamu huzima kwanza ndipo afungue, lakini mwenye mashine alikuwa amekataa katakata.

"Mkono wangu haujawahi kuizima, na wako hautaizima," alimwambia asubuhi. Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, na alisimama kati ya fundi na soketi kama askari wa zamu. "Ikizimika inasahau kila kitu. Hebu soma pale."

Fundi akasoma. Kwenye kioo, juu kabisa ya orodha ya wachezaji bora, palikuwa na herufi tatu, KOA, na mbele yake alama elfu themanini na sita.

"Mwanangu huyo. Tulimwita Koa, yule ndugu yake konokono, kwa sababu alikuwa mzito wa kila kitu. Kuamka mzito, kula mzito, kufunga kamba za viatu ndiyo usiseme." Mama alicheka kidogo, kisha akaacha. "Huu mwaka wa saba tangu tumzike."

Fundi alisema pole, akaliona neno lenyewe ni dogo mno.

Kazi ilikuwa nyepesi. Kibao cha juu, kile chenye jina la gemu, kilikuwa giza tangu taa yake ya zamani iungue, na mama alitaka kiwake tena. Fundi alileta taa za utepe, zile ndogondogo zinazobandikwa kama plasta. Zinataka volti kumi na mbili tu, umeme usioua hata mende, na umeme huo ulikuwemo humohumo kabatini, kwenye kisanduku kinachoilisha mashine nzima. Ni kuunga nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, kuzipandisha hadi juu, basi.

Saa nane mama alichukua mkoba wake kwenda zahanati kupima presha.

"Nikirudi niikute inawaka juu na chini," alisema, akatoka.

Fundi akabaki peke yake. Chumba kilikuwa kikubwa mno kwa mashine moja. Sakafuni kulikuwa na alama kumi za mraba zilizopauka, mahali zilipokaa mashine nyingine kabla hazijauzwa. Dirishani palikuwa na mishumaa mitatu iliyoungua nusu. Vumbi la mlangoni lilionyesha kwamba mteja hajakanyaga hapo siku nyingi, ingawa mto wa stuli iliyokuwa mbele ya mashine ulikuwa umebonyea katikati.

Alibandika utepe nyuma ya kibao, akashusha nyaya, akaingiza tena kichwa kabatini. Mikono ilijua kazi yake, kwa hiyo kichwa kilipata nafasi ya kuwaza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yeye alikuwa analala karakana. Simu yake ikilia, ni mtu mwenye redio mbovu. Alijiuliza ni nani angeacha kitu kinawaka miaka saba kwa ajili yake, akatafuta, akakosa hata mmoja. Ilimuuma kuliko alivyotegemea.

Ncha ya waya mwekundu, ambayo alikuwa hajaifunga tepu, iligusa fremu ya chuma.

Ilitoka cheche ndogo tu. Kisanduku kikajizima, kama visanduku vya aina hiyo vilivyoundwa kujizima vikiguswa vibaya, na baada ya sekunde tatu kikajiwasha chenyewe. Mashine nzima ilikuwa imezimika kwa sekunde hizo tatu.

Fundi alitoka kabatini kwa magoti. Kioo kilikuwa kinang'aa na gemu lilikuwa linapiga muziki wake wa kukaribisha. Orodha ya wachezaji bora ilikuwa tupu.

Alikaa chini pale pale. Alijiona kama amemzika mtoto wa watu mara ya pili. Kisha akainuka, akaufunga waya tepu, akaunga taa, na kibao kikawaka chekundu na njano, kizuri kweli, wala hakukitazama. Aliketi kwenye stuli akaanza kucheza.

Lilikuwa gemu la kagari kanakokwepa mawe. Mara ya kwanza alipata alama mia tatu. Mara ya kumi, mia saba. Vidole vilimfa ganzi na shati likaloa mgongoni. Ilipokaribia saa kumi na moja alifika elfu mbili na mia nne, akaandika KOA, na hapohapo mlango ukafunguliwa.

Mama hakukitazama kibao. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Mama, unajua mashine hizi za zamani," fundi alianza, "wakati mwingine hesabu zake..." Akauacha uongo aliokuwa ameutunga. "Imezimika, mama. Ni mimi. Waya uliniponyoka. Nisamehe."

Mama aliisoma orodha polepole, akauweka mkoba chini.

"Na hizi elfu mbili na mia nne kazipata nani?"

"Mimi."

"Si haba," mama alisema, akivua viatu. "Mimi umeme ulipokatika mara ya kwanza, wiki ileile ya mazishi, nilikaa hapa siku mbili nikaambulia mia sita. Na yeye mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvuka elfu moja. Haya, sogea, mwanangu."