Kishikio cha Nadine

Verlin Stubbs alikuwa amelala chali chini ya pikapu ya mwanamke asiye wake, spana mkononi, grisi hadi masikioni, na katika jimbo zima la Arizona hapakuwa na mzee mwenye furaha kumshinda.

Pembeni, kwenye viti vya kukunja, baraza la wastaafu, watu wa kambini waliokuja kukwepa baridi ya kaskazini, lilikaa na kahawa yake. Kazi ya baraza hilo ilikuwa kuwatazama wenzao wakifunga matrela yao, zile nyumba za magurudumu, kwenye pikapu na kuwacheka. Mwenyekiti wake, ambaye hakuna aliyempigia kura, alikuwa Verlin. Kambini pale hakuna aliyenunua kishikio, lile dude la chuma linalokaa ndani ya bodi ya pikapu na kuing'ata kingpini, ile pini nene chini ya pua ya trela, bila yeye kutia neno.

Nadine alifika mwezi wa pili na pikapu yenye bodi fupi, akafanya jambo ambalo hakuna mwanamke aliyelifanya kwa miaka minne: alimwomba Verlin ushauri. Trela lake, alisema, liko Tucson kwa fundi, nalo ni pacha wa hili la Verlin, kimo na uzito uleule. Je, anunue kishikio gani?

Loo! Verlin ukimuuliza choo kiko wapi, atakupa historia ya mabomba. Nadine alipewa wiki tatu za mafunzo. Delmer, jirani, alithubutu kupendekeza kile kisichosogea, ambacho ni rahisi. Verlin alicheka hadi akapaliwa.

"Bodi fupi, Delmer. Akikata kona kali, pua ya trela inapita kwenye kioo cha nyuma kumsalimia. Umemchoka bibie wa watu?"

Bibie angechukua kinachoteleza, kile kinachorudi nyuma chenyewe kwenye kona. Mjadala ukafungwa, maana mwenyekiti hakuwa na desturi ya kusikiliza upande wa pili.

Kwa kuwa trela la Nadine lilikuwa mbali, vipimo vyote vilichukuliwa kwenye la Verlin. Nadine alipima kimo cha kingpini kwa tepu, akaandika kwenye kidaftari chake. Akauliza uzito wake likijaa maji, akaandika. Akauliza alilipata wapi.

Verlin alimsimulia huku akicheka. Alilirithi kwa marehemu kaka yake, Harlan. Yaani, siku tatu baada ya mazishi alilivuta kutoka uani kwa marehemu kabla mke hajamaliza kufuta machozi. Mwanamke huyo Verlin hakuwahi hata kumtia machoni, wala jina lake hakujali kulijua. Harusi yao aliisusia, mazishini alifika watu wameshatawanyika, na barua zake nne za kudai trela aliwashia moto wa kuchomea nyama. Damu nzito kuliko maji, alisema, hasa ikija na kitanda kipana na jiko la gesi.

"Harlan alijaliwa ndugu," alisema Nadine, akafunga kidaftari.

Ukweli ni kwamba mzee alikuwa amependa. Joto la Aprili lilikuwa limeanza kubisha hodi, watu wanafunga virago kwenda kaskazini, naye aliuogopa mwaka wa tano wa kula maharage ya kopo na kubishana na redio. Alipanga Jumamosi amwombe Nadine waondoke pamoja. Trela moja lingewatosha. Na dalili zilikuwa njema: siku ya kwanza alipomkaribisha ndani kwa kahawa, Nadine alifungua kabati la vikombe moja kwa moja, bila kuuliza vinakaa wapi. Mwanamke akishajisikia nyumbani hivyo, alijiambia Verlin, kumebaki nini tena?

Basi akafunga kishikio kwa mikono yake, akamfanyisha Nadine mazoezi kwenye trela lake yeye Verlin. Teremsha mlango wa bodi. Rudi polepole. Meno yaume. Kisha usipandishe miguu ya trela kabla ya kuvuta kidogo kuhakikisha, la sivyo litakudondokea bodini mbele ya baraza, kama lilivyomdondokea Delmer, na hapo ujue utasimuliwa mpaka kaburini. Na kwa vile mgongo wake haukupenda kuamka alfajiri, alimpa Nadine ufunguo wa kufuli la kingpini, lile la kuzuia wezi wasilivute trela, ili ajizoeze mwenyewe.

Jumamosi Nadine alimwambia kwamba akinyoa atarudi kijana. Verlin alikwenda mjini, akanyolewa, akapakwa manukato, akanunua pai ya pichi. Njia nzima alikuwa akiyarudia maneno ya kumwambia.

Aliporudi, mahali pa trela palikuwa na changarawe tupu. Mpira wa maji umekunjwa vizuri. Nguo zake zimepangwa juu ya kiti, mashati ya zamani chini, ya kutokea juu, na juu ya zote kikombe kilichokandamiza karatasi.

"Tulidhani mnahama wote wawili," alisema Delmer, akiitazama pai. "Tena tulimpigia makofi. Kafunga vizuri kuliko wewe. Na kabla ya kupandisha miguu akavuta kidogo kuhakikisha, vilevile ulivyomfundisha."

Verlin aliinua kikombe, akasoma.

"Shemeji, barua ya tano ndiyo hii. Hii usiichome."