Kipengele cha Nne

Kila siku saa mbili asubuhi Kwandu hufungua kitambaa cha matobolwa juu ya meza ya ofisi na kutenga vipande vitano vya viazi hivyo vikavu kwa ajili ya Mzee Jilala, opareta wa mashine ya kuchambua pamba. Leo alikuwa ametenga vitatu ndipo akakumbuka kwamba Jilala yuko hospitali, ameungua shingo na mkono wa kushoto. Kabla hajavirudisha, Danford alitupa karatasi juu ya kitambaa.

"Chapa hiyo. Saa sita iwe kwenye gari la mkoani."

Ilikuwa ripoti ya moto wa juzi. Danford ndiye ofisa usalama wa kiwanda. Kwandu ni msaidizi wake, mwezi wa nne tangu atoke chuo, na mpaka leo hakuwahi kumuuliza kitu mara mbili. Lakini ukurasa wa kwanza tu, vidole vilisita.

"Bosi, hapa imeandikwa moto ulianza usiku. Ulianza saa tisa mchana."

"Badilisha."

"Na kwamba uliteketeza ghala la mbegu. Ghala la mbegu lile pale, zima."

"Kwandu, hiyo ni ripoti ya kiwanda nilichokuwa zamani. Weka jina letu, weka tarehe. Moto ni moto."

Akafika kipengele cha nne. *Chanzo: opareta alikuwa akivuta sigara karibu na pamba.*

"Mzee Jilala ni Msabato," alisema, sauti ikimpungukia. "Hata chai ya majani hanywi."

Danford alicheka, akafunua ukurasa wa mwisho. "Na hii sahihi ya nani? Nilimsomea kitandani neno kwa neno. Nilidhani atanitukana. Akaomba kalamu."

Kwandu aliiangalia sahihi. Kwa sahihi ile mzee anafukuzwa bila mafao, na askari anamngoja atoke wodini. Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo. Alikunja kitambaa pamoja na matobolwa yake, akatoka bila kuaga.

Kitambaa hicho kilikuwa kipande cha kitenge cha kijani chenye miavuli myekundu. Mama yake alikinunua Lamadi kabla Kwandu hajazaliwa, akakivaa mpaka kikachakaa. Siku hizi alikuwa akikichana vipande kwa kila kazi ya nyumbani na shambani. Bariadi nzima Kwandu hakuwahi kuona kingine kama hicho. Jilala hakuchoka kumtania nacho: "Ng'wana wane, mwanangu, mvua ikinikuta naja kuazima mwavuli."

Kwenye mashine, fundi Machibya alikuwa amelala chali chini ya misumeno iliyoungua.

"Fundi, kweli mzee alivuta?"

"Jilala? Avute nini, uji?" Machibya alijiburuta nje, akampa jiwe lenye ukubwa wa yai. Lilikuwa na mikwaruzo inayong'aa, mistari minne iliyolingana na meno ya msumeno. "Nimelitoa humu sasa hivi. Sumaku inanasa misumari, jiwe hainasi. Likigonga msumeno, cheche. Na pamba kavu haingoji."

"Limeingiaje?"

"Dada, wewe si wa huku? Watu wanatumbukiza jiwe katikati ya gunia, lipate uzito. Siku ile tulikuwa na pamba ya Maswa. Mzee alifungua gunia kwa mkono wake, akamimina, nikasikia kishindo. Gunia lenyewe limeungua. Aliyeliona ni yeye tu."

Kwandu alilifunga jiwe ndani ya kitambaa, akapanda bodaboda. Njiani simu iliita. Mama, kutoka Lalago, wilayani Maswa.

"Mwanangu, nasikia kwenu kumeungua. U mzima?"

"Mzima, mama. Nina haraka."

"Haya. Nilitaka kukwambia mwaka huu mizani ya pamba imetupendelea, ingawa mvua ilikuwa chache. Mungu yupo."

"Amina, mama. Nitakupigia."

Wodini saa ya nesi ilisema saa nne na nusu. Jilala alikuwa ameketi, bandeji mpaka kidevuni.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wana wane."

Kwandu alifungua kitambaa mapajani mwa mzee. Maneno yalimtoka yakigongana. "Najua hukuvuta. Jiwe ndilo hili. Niambie tu gunia lilikuwa na alama gani, nirekebishe kipengele cha nne. Mwenyewe atatafutwa, ashtakiwe yeye."

Jilala hakulitazama jiwe. Alikuwa akikinyoosha kitambaa kwa mkono mzima, taratibu, kona hadi kona.

"Nimeshaweka sahihi."

"Sahihi inafutika! Kwa nini umbebee lawama mtu aliyekuunguza?"

"Danford aandike alivyoandika."

"Aandike, lakini mimi sichapi!" Wagonjwa wawili waligeuka. Kwandu mwenyewe alishtuka kwa sauti yake. Lakini hakuishusha. "Nitamwandika mwenye gunia hata awe nani. Nitampeleka polisi mimi mwenyewe. Alama, baba. Sema."

Mzee alimeza mate, shingo ikamuuma, akafumba macho kidogo.

"Mama yako hajambo, huko Lalago?"

"Hajambo. Baba, tafadhali, usibadili maneno."

"Sijabadili, ng'wana wane," alisema Jilala, kidole chake kikiwa bado juu ya kitambaa. "Lile gunia lilikuwa limefungwa mdomo kwa miavuli hii."