Rendang ya Dakika Kumi

"Tafuna kidogo, uteme humu," alisema Khairil, mwongozaji wa video, akiisogeza ndoo ya plastiki kwa mguu mpaka chini ya meza ya kupikia. "Kamera haiioni."

"Sili, Bang Khairil," alisema Mastura, mpishi, akimwita kaka kwa Kimalei.

"Nani kakwambia umeze? Ustadhi wa msikitini mwenyewe kasema kuonja kwa ulimi hakuharibu kitu."

"Sili."

Walikuwa wameshavutana hivyo tangu watu warudi kutoka kuswali Adhuhuri, na mpiga picha alikwisha kuchoka akakaa chini. Rendang, ile nyama ya tui na viungo, ilikuwa tayari sufuriani, inang'aa mafuta chini ya taa. Hii ilikuwa video ya Idi ya kampuni ya Kendi, wauzaji wa viungo vya vifuko. Unakata kifuko, unamimina juu ya nyama, dakika kumi unapakua. Mwishoni mpishi anatia kipande mdomoni, anafumba macho na kusema, "Ladha ile ile ya mama."

Hilo tu. Akilifanya, Mastura angepata kazi ya mwaka mzima, sura yake kwenye video zote za Kendi, na angeachana na kukaanga ndizi kando ya barabara ya Seremban, kazi iliyomlea tangu afiwe na mumewe. Aliitaka kazi hiyo. Aliitaka mpaka usingizi ulimpaa.

"Basi sema yale maneno tu, usile," Khairil alibembeleza.

"Nayo siyasemi."

"Lo! Kwani maneno nayo yanaharibu swaumu?"

"Uongo je, Bang?" alidakia Wani, mpambaji. "Mwezi huu?"

Watu wakacheka, na Khairil akazidi kuwiva kwa hasira.

Wani alikuwa upande wa Mastura tangu asubuhi. Alipomsikia akisema kwamba mama yake hakumwamsha kula daku, alishika kifua: "Maskini Kak, dada yangu, na moto wote huu!" Mastura alipokata kifuko cha Kendi akageuza uso pembeni, Wani alimnong'oneza, "Njaa, Kak?" Mastura akajibu, "Harufu tu." Na Wani ndiye aliyeliona lile kopo la bati kwenye mkoba. "Futari hiyo?"

"Mama kanifungia," alisema Mastura.

Hata wenzake walipokwenda kuswali hakutoka jikoni. "Nendeni nyie, moto nitaulinda mimi," aliwaambia, akaendelea kugeuza nyama. Wani aliwasimulia wote msikitini: mwanamke gani huyu, amefunga na bado anahangaika na sufuria la watu.

Sasa Khairil alibadilisha sauti. "Kak, usinichezee. Nina msichana Kuala Lumpur, huyo anakula chochote ninachompa."

"Mlete."

"Utarudi kwenye ndizi zako."

"Nitarudi. Ndizi zangu nazikaanga na nazila."

"Una kiburi wewe!"

"Ninacho. Kupika nimepika. Kukata kifuko nimekata, kutabasamu nimetabasamu mpaka mashavu yananiuma. Lakini hiki mdomoni mwangu hakiingii, hata ulete ndoo kumi."

Mlango ulikuwa wazi, na Datin Fauziah, bibi wa cheo mwenye kampuni, alikuwa amesimama hapo na miwani yake mkononi. Hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi. Khairil alirukia kujieleza kabla hajaulizwa.

"Anakataa kuonja, Datin. Kwa ajili ya swaumu. Nimemwambia ateme, hataki!"

Datin aliitazama ile ndoo. Kisha akamtazama Mastura, na Mastura hakuinamisha macho. Shingo aliisimamisha vile vile. Alishaamua: kazi iende, ndizi zipo.

"Khairil," alisema Datin polepole, "huoni haya? Ramadhani hii unamwekea mwanamke ndoo atemee chakula?"

"Datin, mimi nilikuwa..."

"Nyamaza. Mwache kama alivyo. Apakue, asogeze sahani pembeni, aitazame saa ya ukutani. Halafu tuandike chini: Hata Kendi inaisubiri Magharibi." Akajifuta jicho kwa ncha ya ushungi. "Watu wa imani hii ndio ninaowatafuta. Mwaka mzima, Kak Mastura. Hakuna atakayekulazimisha kula wala kusema."

Walipiga picha mara moja tu. Kusogeza sahani pembeni Mastura alikuweza vizuri kuliko yote aliyoyafanya siku ile. Mpiga picha mwenyewe alisema mkono ule ulikuwa na ukweli. Wani alilia, akamkumbatia na kumwomba amkumbuke katika dua zake.

Mastura alishika mkoba wake, akaenda mpaka nyuma ya jengo alikoegesha kigari chake. Akafunga milango, akashusha vizuia jua vyote viwili, akaliweka kopo la mama yake mapajani. Kulikuwa na wali na rendang ya pilipili, iliyokaa motoni tangu jana mpaka tui likakauka lote.

Alikuwa katika siku zake, hafungi wala haswali; swaumu angeilipa baada ya Idi. Akanawa kwa maji ya chupa, akamega tonge la kwanza, akafumba macho.

"Hii ndiyo ya mama," alisema, akalamba vidole. Msikitini adhana ya Alasiri ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.