Kitufe cha N

"Nikishabonyeza hapa ndiyo basi," alisema Fundi Shomvi. "Kila kilichomo kinafutika. Nibonyeze?"

"Bonyeza."

Mwanamke alijibu akiwa ameshasimama. Akaenda hadi mlangoni, akarudi, akaketi, akasimama tena. Kirusi kilikuwa kimeingia kwenye kompyuta yake na kuzifunga picha zote za marehemu binti yake, na kila alipojaribu kufungua moja, skrini ilimwonyesha weusi mtupu. Mafundi wote walimwambia hazifunguki tena. Leo alikuwa amechoka kuutazama ule weusi.

Windows mpya ikaanza kuingia, taratibu mno.

"Bado tu?"

"Bado, mama. Kaa basi."

Hakukaa. Fundi akapitisha kidole kwenye kibodi, akakuta kitufe cha N hakipo, pamebaki kijipira tu.

"Hiki nikutafutie kingine?"

"Usikiguse!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nasra alikibandua mwenyewe, ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Kiache hivyo hivyo."

Mashine ikauliza jina la mtumiaji. Fundi hakumuuliza mtu. Aliandika lile ambalo mtaa mzima unamwita mwanamke huyo, na kwenye kile kijipira akabonyeza kwa ncha ya kalamu. Mwanamke alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

Skrini ikawaka buluu, safi, haina hata picha moja. Katikati yake pakatokea maandishi: Karibu, Mama Nasra.

"Ahsante," akaitikia kabla hajajizuia.

Kisha akaketi.