Unga wa Kijani

Mume wangu alirudi kutoka shambani akipiga mluzi, mikono imejaa unga wa kijani. Mizizi ya soya ilikuwa inaoza kwa ukungu, na bwana shamba alikuwa amempa huo unga, ukungu mwingine, mzuri, wa kuula ule mbaya.

“Mama watoto, soya imeinuka!”

Akaingia moja kwa moja kwenye banda langu la uyoga, linalotulisha tangu soya ianze kufa, akaipigapiga mifuko ya kuoteshea kama anasalimia wajukuu. Kwenye mfuko alioushika wiki iliyopita, juu ya utando mweupe wa uyoga, vilikuwa vimeota vidole vitano vya kijani.

Kwani uyoga nao si ukungu?

“Huo unga wako unakula ukungu gani?”

“Wowote, mke wangu. Haubagui,” akajibu kwa fahari, huku akiufikia mfuko wa mwisho.