Jani la Shaba

Ninyi mliolisifu kabati lile kwa mng'aro, mkageuza nyuso mlipoulizwa nani alilitengeneza, sikilizeni.

Odile, fundi wa samani za kale mtaa wa Saint-Antoine, Paris, alishika kalamu juu ya hati ya kuthibitisha asili ya kabati hilo, akasita.

"Tia saini, bibie," dalali akamhimiza. "Kazi ya fundi wa mfalme, miaka mia tatu. Au macho yameingia ukungu?"

"Macho mazima. Pua ndiyo inaniwasha."

Katika nakshi za kabati kama hilo, shaba na gamba la ng'amba, yule kasa, hukatwa pamoja, msumeno mmoja. Mkono ukiteleza, kosa hubaki kwenye vyote viwili. Kwenye mlango wa kabati, jani moja la gamba lilikuwa na pengo, kama limeng'atwa na panya.

Odile akavua shingoni jani la shaba. Baba yake alilikata katika karakana hiyo hiyo waliyosimama, mwaka aliozaliwa Odile. Akalilaza juu ya lile la gamba. Pengo juu ya pengo, hata unywele usingepita.

"Bahati tu hiyo," dalali akacheka peke yake.

"Basi bahati ina mkono wa baba yangu."

Akaitumbukiza kalamu katika sufuria ya gundi.

Mnada wa kabati hilo ni saa nane. Wewe unayesoma, inuka sasa hivi, ingia ukumbini, uliza kwa sauti: fundi aliitwa nani?